Mama Ataoga kwa Nani?

Jumapili jioni, na baridi ya Julai haina mpango wa kuondoka. Taulo nilizoanika Ijumaa bado zina unyevu. Niseme mapema kabla sijaanza kujipamba: leo nina wivu, na si ule wivu mdogo wa kuchekelea. Ni ule unaolala na wewe na kuamka na wewe.

Wivu wenyewe ulianza na bafu.

Najua, najua. Mwanamke mzima, mwenye kazi ya ofisi Westlands na nyumba yake mwenyewe hapa Kabiria, ananuna kwa sababu ya bafu. Lakini ungeliona bafu la dada yangu Nasimiyu ungenielewa. Yeye na mumewe walinunua nyumba Jamhuri karibu wakati ule ule nilioinunua hii yangu. Kwetu Bungoma sisi ndio wa kwanza kumiliki nyumba mjini. Yalipofanywa maombi ya kubariki nyumba yake, watu wa kanisa walizunguka chumba kwa chumba, na walipofika bafuni mchungaji akasahau kidogo kufumba macho. Kwangu waliombea wakiwa wamesimama sebuleni, wakisikilizia harufu ya pilau.

Kwake kuna vigae vikubwa vya rangi ya majivu, kioo kisichoshika mvuke, na bomba la kuogea pana kama sinia. Kwangu nilikuta ukungu mweusi kwenye pembe za dari, dirisha dogo lililogandishwa na rangi ya mwenye nyumba wa zamani, na mfereji uliodondosha maji usiku kucha.

Nyinyi mlionunua nyumba juzi na mnanisoma hapa kutafuta ushauri, chukueni huu: msianze na urembo. Mimi nilianza na urembo. Nilinunua vigae vya sakafu vinavyong'aa, vya aina ile ile ya Nasimiyu, nikamsimamia fundi kichwani nikimharakisha, na katika haraka hiyo sakafu ikakosa mteremko. Maji yakawa hayaendi kwenye shimo, yanakuja mlangoni kunisalimia. Halafu nikafunga bomba pana la mvua. Maji yetu yanatoka kwenye tangi la juu ya nyumba na hayana nguvu, kwa hiyo mvua yangu ilikuwa manyunyu. Ungeweza kuimba tenzi nzima na sabuni bado iko mgongoni.

Nasimiyu alipokuja kuona alicheka hadi akashika ukuta. Nilicheka naye. Alipoondoka nililia.

Ningebaki na manyunyu yangu kama si goti la Mama. Aliletwa Nairobi kufanyiwa upasuaji, na daktari akasema asirudi nyumbani mpaka atembee vizuri. Basi swali likawa moja, ingawa hakuna aliyelisema kwa sauti: akitoka hospitali, atakaa kwa Nasimiyu au kwangu?

Nilimtaka kwangu. Nilimtaka vibaya sana. Tangu utotoni Nasimiyu ndiye huanza, mimi nafuata na nguo zilizombana yeye. Mara hii moja nilitaka Mama aamke kwenye nyumba yangu, aniite kutoka chumba cha pili, aulize chumvi iko wapi.

Nikavunja sakafu. Nikarudia mteremko, nikaweka vigae vyenye kukwaruza, visivyoteleza hata vikilowa. Nikakwangua ukungu mpaka kwenye plasta, nikaacha dari ikauke kabisa, nikapaka rangi ya kuhimili unyevu. Dirisha likafunguka. Nikafungisha chuma cha kushikilia ukutani, cha kuinukia, nikanunua kiti cha plastiki chenye miguu mipana. Muda wote huo mimi mwenyewe nilioga kwa beseni jikoni.

Nilikuwa najivunia hadi nilipoona picha kwenye grupu ya familia. Nasimiyu naye amejenga. Bafu zima upande wa chini wa nyumba, kiti cha kukunja ukutani, vyuma vya kushikilia pande zote, maji moto wakati wowote. Binamu wakamwaga emoji za mioyo na vikofi. Shemeji akaandika kwamba Mama ni mama, atakaa kwao kama nyumbani kwake. Nilituma vikofi viwili na kuzima simu.

Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake wana haya kubwa. Hawakai karibu, hawapeani mkono ovyo. Lakini sisi tuko Nairobi, shemeji mwenyewe alisema hayo ni mambo ya zamani, nasi tukakubali haraka kwa sababu bafu lilikuwa limeshajengwa. Tulijadili vigae, tukajadili vyuma. Mama hatukumuuliza. Alipoambiwa anaenda Jamhuri alisema tu, "Sawa."

Ijumaa alitoka hospitali, akapelekwa Jamhuri. Jana nilishinda nasugua bafu ambalo halikuwa na mtu wa kulichafua.

Leo nimetoka kanisani, sijavua hata viatu, nikasikia honi kwenye geti. Ni gari la Nasimiyu. Mama ameketi nyuma, amevaa gauni lile lile alilotoka nalo hospitali. Macho ya dada yangu yalikuwa mekundu.

"Amekataa," akaniambia. "Amekataa kuoga. Amekataa hata kulala kitandani, amelala kwa kochi na nguo zake zote. Nimembembeleza nimechoka, Nekesa."

Mama alishuka polepole, amenishika bega. "Nyumba yake ni nzuri, sikatai," akasema. "Mkwe wangu pia ni mtu mzuri. Lakini nitavua nguo aje kwa nyumba ya mkwe? Kesho nitamwangalia na macho gani?"

Kisha akanipapasa mkono. "Kwa huyu hakuna mwanaume. Hapa niko huru."

Nilishinda.

Ungetarajia nifurahi, na nilifurahi kweli, kwa kama dakika moja. Halafu maneno yakazama. Mama hakunichagua mimi. Amekuja kwangu kwa sababu ya kitu ambacho sina, kile ambacho kila mtu kwenye chama chetu cha akiba huniuliza kitakuja lini. Nasimiyu ana mume ndiyo maana hakumpata Mama, na mimi nikiwa nimemshika Mama mkononi nilimwonea dada yangu wivu hata kwa huyo mume.

Nilipasha maji. Mguu wa bandeji nikaufunga kwa nailoni tuliyopewa hospitalini. Mama akaketi kwenye kiti, akashika chuma, akatazama dari, akasema hapa ni pazuri, hakuna baridi. Maji yakateremka yakaenda kwenye shimo bila kelele. Akaanza kuimba chini kwa chini.

Nilipogeuka, Nasimiyu alikuwa mlangoni. Amevua viatu. Amekunja mikono ya sweta.

"Wacha nimsugue mgongo," akasema. "Kidogo tu."

Sijawahi kusikia dada yangu akiniomba kitu kwa sauti ile. Niliijua mara moja. Ndiyo sauti yangu mimi kila nikiingia kwake nikitazama vigae. Bafu lake lote lile, vyuma vyote vile, na mama yake hataoga ndani yake hata siku moja.

"Tunamaliza," nikamjibu.

Hata hatukuwa tumefika mgongoni.

Akaitikia kwa kichwa. Nikamsikia jikoni akinioshea vyombo vyangu vya asubuhi, kisha geti. Hakunywa hata chai. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia utamu. Mara hii mimi nilikuwa ndani na yeye alikuwa mlangoni.

Nikamsugua Mama mgongo taratibu. Alikuwa amefumba macho, uso wote sabuni, mwili umelegea kama mtu ambaye hatimaye amefika.

"Shuka kidogo, Nasimiyu," akasema. "Hapo kwa bega."

Nikashuka kwa bega. Sikumsahihisha.

Sasa amelala chumba cha pili, anakoroma kidogo. Bafu nimelipangusa, dirisha nimeliacha wazi unyevu utoke. Nimekaa hapa na simu. Nimemwandikia dada yangu: kesho njoo mapema, umwogeshe wewe.

Nimeisoma meseji hiyo tena na tena. Haina kosa lolote.

Bado sijaituma.