Kitabu cha Wageni cha Gråbekk

Trondheim, Norwei,
27 Februari

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta umeketi karibu na jiko na kwamba goti lako la kushoto limeamua kukuonea huruma. Je, kaka Wiebe bado anakuja kila Jumapili kumaliza supu yako ya njegere, au mkewe amempiga marufuku? Sisi huku ni wazima, isipokuwa Sybren ana mafua. Aliyataka mwenyewe. Mwanamume wa miaka arobaini na mbili anakataa kuvaa kofia kwa sababu eti inamwasha.

Tumerudi juzi kutoka likizo ya majira ya baridi. Unajua desturi yetu: kila Februari, shule zikifungwa, tunafunga mizigo na kwenda tusikokujua. Mwaka jana ilikuwa Uswidi, kabla ya hapo Denmark kutazama bahari mbili zinavyokutana, na kadi zote unazo. Mwaka huu Sybren alitaka Denmark tena. Mimi nilitaka nyumba ya mlimani ya Gråbekk, ambayo jirani yetu Ragnhild ameisifia mpaka nimechoka. Alinisimamisha pale kwenye sanduku la barua akaniuliza, “Miaka tisa mko hapa na hamjafika Gråbekk? Kwani nyie mlikuja kufanya nini, kuhesabu mvua?”

Sasa, kila nikitaja Gråbekk, Sybren ana sababu. Mara kijito hakijaganda vizuri, mara upepo, mara paa linatengenezwa. Unanijua nilivyo, Mama. Udadisi wangu uliupiga vita tangu nilipokuwa nafungua barua za shangazi. Nikampigia simu Oddvar, mzee anayeitunza nyumba ile, nikamuuliza habari za paa. Alicheka hadi akakohoa. Akasema lile paa halijaguswa tangu harusi yake, na mkewe sasa ana vitukuu.

Hapo nikaanza kunusa kitu. Sybren ni mtu wa kusimama taa ikiwa nyekundu hata kama barabarani hakuna paka. Mtu wa namna hiyo amdanganye mkewe kuhusu paa? Sitakuficha, niliwaza mwanamke. Nilimpa hata jina, nikamwita Turid, nikamvika sweta jekundu, na nikaanza kumchukia kwa bidii. Nikamwambia Sybren kwamba tunakwenda Gråbekk, au naenda peke yangu. Alinywea, akaenda kupaka nta skii zetu za kutelezea thelujini.

Tulipanda kwa saa tano. Sisi Waholanzi wa Friesland, tupe barafu tambarare tutakwenda mpaka kiama, lakini mlima si wetu. Hata Baba alikuwa akisema mlima ni ardhi ambayo haijapigwa pasi. Sybren alianguka mara tatu, mimi sikuhesabu. Bibi mmoja wa miaka kama themanini alitupita akipiga kelele, “Songeni pembeni, vijana, wengine tuna haraka!” Akatuachia chungwa moja juu ya theluji, kwa kutuhurumia nadhani.

Nyumba ilikuwa tupu. Ni nyumba za kujihudumia hizi: unafungua, unawasha jiko, unayeyusha theluji ya chai, na unajiandikisha kwenye kitabu. Kila mgeni anaandika jina lake, anakotoka na anakokwenda, na pembeni pana nafasi ya maoni. Hakuna anayefanya mzaha na kitabu hicho, maana ukipotea, watafutaji wanaanzia hapo. Mimi huvisoma vyote. Nimesoma habari za wachumba waliofika pamoja wakaondoka kila mmoja na njia yake, na za mchungaji aliyelalamikia panya kurasa tatu nzima. Sybren aliandika majina yetu upesi upesi, kisha akaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi. Vitabu vya zamani vilikuwa rafuni, juu ya kikapu cha kuni.

Nikafungua Februari ya mwaka jana. Mwandiko wa Sybren huo hapo, umesimama wima kama uzio. Ulikuwa mwisho wa juma ambao aliniambia anakwenda kutembea na rafiki yake wa chuo kutoka Groningen. Nikashuka mstari mmoja kumtafuta Turid. Mwandiko wa pili niliutambua kabla sijasoma jina, herufi zote zimelalia kulia, kama zilivyokuwa kwenye karatasi za oda za keki kwenye duka letu la mikate huko Workum.

Jina: Douwe Postma. Anakotoka: Workum. Anakokwenda: kwa Jeltje.

Na kwenye maoni aliandika: “Jiko linaunguza upande wa kushoto. Geuzeni mkate.”

Mama, ni Baba. Baba huyohuyo aliyenitamkia mbele ya wateja, siku nilipokataa kurithi tanuri lake nikamfuata Sybren na kazi yake huku, kwamba nisikanyage tena kizingiti chake. Baba ambaye kwa miaka tisa hakunitumia hata salamu, mpaka ulipotupigia simu Novemba kwamba amefariki. Yeye alikuwa ameketi katika chumba kile, akiandika jina langu.

Sybren hakubisha. Aliweka sufuria chini akanieleza yote, na alionekana kama mtu aliyetuliwa gunia. Baba alimpigia simu kazini. Wewe alikuaga kwamba anakwenda Ujerumani na wazee wenzake kufuata barafu ya kuteleza. Daktari alikuwa amemwambia habari za moyo wake, na hilo pia nadhani alikuficha. Alitaka kuona ninakoishi, lakini kwanza alitaka apelekwe mahali pasipo na watu ajikusanye. Oddvar aliwapandisha kwa pikipiki yake ya theluji. Kwa siku mbili Baba alioka mkate wa sukari mara tatu, akiligombeza jiko, na katikati ya kugombeza akiuliza habari zangu. Bado anakula akiwa amesimama? Bado anaimba vibaya? Siku hizi anaota kwa lugha gani? Sybren alijibu alichojua.

Jumapili walishuka. Sybren alisimamisha gari kwenye kona ya mtaa wetu, na mimi nilikuwa nje nikiondoa theluji mlangoni. Baba alinitazama muda mrefu, halafu akasema, “Mtazame, anashika sepeto kama anakoroga uji.” Sybren akamwambia, “Basi shuka ukamfundishe, mzee.” Baba akashika kitasa cha mlango wa gari. Akakiachia. Akasema, “Mimi ndiye niliyemkataza kizingiti changu. Nitakanyaga cha kwake kwa miguu gani?” Akaomba apelekwe uwanja wa ndege, na akamwapisha Sybren asiniambie kamwe.

Nilimuuliza Sybren, kama ilikuwa siri kubwa hivyo, kwa nini wakaandika majina yao waziwazi. Akanishangaa kana kwamba nimemuuliza kwa nini anapumua. Akasema, “Jeltje, kile ni kitabu cha mlimani. Mle mtu haandiki uongo.” Nikacheka, Mama, huku machozi yananitoka, kisha nikamkasirikia mpaka chakula kikapoa. Ningemkasirikia hata leo, lakini sina haki hiyo, na nitakueleza kwa nini.

Huku, mtu akiandika anakokwenda na asifike, watu hutoka kumtafuta. Baba aliandika kwangu. Hakufika, na hakuna aliyemtafuta, kwa sababu wa kumtafuta nilikuwa mimi, nami nilikuwa hatua hamsini tu kutoka kwake, nimempa mgongo.

Sasa nisikilize. Naandika kwa sababu kwenye simu ningekatisha. Novemba nilikwambia kwamba theluji imefunga uwanja wa ndege, ndiyo maana sikuja kumzika Baba. Uwanja haukufungwa. Ndege ziliruka mchana kutwa, nilizisikia zikipita juu ya nyumba. Sybren alishafunga begi langu akaliweka mlangoni, akanisihi mpaka sauti ikamkauka. Nikamwambia Baba alinikataza kwake akiwa hai, basi na azikwe bila mimi. Saa ile mlipokuwa kaburini mimi nilikuwa jikoni nakula maandazi ya jirani. Jioni ulinipigia, na badala ya mimi kukufariji wewe, wewe ndiye ulinifariji. Ulisema, “Usijilaumu, mwanangu, nani anaweza kushindana na theluji?” Nami nikakuacha uendelee. Wiebe aliniambia baadaye kwamba ulisimama kanisani ukawaeleza watu wote habari za ile theluji. Nimekuaibisha bila wewe kujua, na naona aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

Nitafika Workum Jumamosi tarehe 8 Machi, kwa treni ya saa nane mchana, peke yangu. Waliokusikia kanisani nitawaambia mimi mwenyewe, mmoja mmoja. Kisha, kama utakubali, nataka unipeleke alipolala Baba, maana hata njia ya kwenda kwenye kaburi lake siijui. Usinitandikie kitanda kwa kuona haya tu. Ukiniona dirishani ukaamua kutonifungulia, nitaelewa, lakini safari hii kuna mtu wa nyumba yetu atakayebisha hodi.

Msalimie Wiebe, mkewe na watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Sybren anakusalimu sana. Anaomba umsamehe, na anadai anakuogopa wewe kuliko anavyoniogopa mimi. Jikinge na baridi, na dawa ya goti usiiruke.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Jeltje