Matairi ya Baba Nimeyachana Mwenyewe

Mtaa wa Poplar 1187,
Wyandotte, Michigan.
22 Mei 2011.

Mpendwa mdogo wangu Leon,

Salamu tele kutoka nyumbani zikufikie wewe, mkeo Noreen, na mwanenu Tessa. Hamjambo na baridi hiyo ya Alaska? Mgongo wako unaendeleaje, na Tessa kikohozi kimemwisha? Mimi mzima, ila mkono wa kulia umevimba, ndiyo maana mwandiko unakwenda upande. Najua kaka yetu Kaz amekupigia simu akakulilia. Sasa sikiliza na ya kwangu. Usinipigie kwanza, maana utanifokea, na mimi kwa sasa sifokewi na mtu.

Kabla ya yote: Mama yu hai, na wanasema atapona. Hilo likae kichwani mwako unaposoma yanayofuata.

Ni kweli nimemvunja kaka yetu pua. Ni kweli pia nimeyachana matairi ya baba, yote manne. Siku ya mazishi yake ulitushika mikono ukatuapisha: gari lake, Chevelle, ni lako, na matairi aliyoyafunga mzee yasiguswe, mpaka Agosti uje uliendeshe barabara ya Woodward na Tessa akiwa kando yako. Kaz aliapa. Mimi nilinyamaza. Kumbuka vizuri, nilinyamaza.

Leon, nimefunga matairi ya watu miaka thelathini na moja. Mwezi wa nne nilipiga magoti gerejini kwa Kaz na tochi, nikasoma namba ya tarehe ya kutengenezwa ubavuni mwa tairi. Ya siku hizi yana tarakimu nne. Ya baba yana tatu, 294. Wiki ya ishirini na tisa, mwaka wa nne wa miaka ya tisini. Nikaukandamiza mpira kwa ukucha, haukubonyea. Jiwe tupu.

Kaz akacheka mpaka akakohoa. "Wewe Lola una wazimu? Tazama meno yalivyo marefu! Tairi limelala ndani, halijaona jua wala mvua. Maandishi meupe bado yanang'aa!" Nikamwambia, meno marefu ya nini kama mpira umekufa? Akaniambia nina wivu kwa sababu gari sikuachiwa mimi. Nikaondoka, kwa sababu ningebaki ningemtwanga siku ileile. Heri ningemtwanga!

Tarehe nane, Siku ya Akina Mama, akaona amfurahishe Mama kwa kumpeleka kanisani ndani ya gari la mumewe. Hata mimi hakuniambia. Mama alivaa koti lake la buluu. Mvua ilikuwa nyepesi tu, ile ya kulowesha vumbi. Taa ya Fort Street ikawaka kijani, na Kaz, mwanaume wa miaka sitini na tatu, akakanyaga mafuta ili Mama asikie mngurumo. Unaijua injini ile. Makalio ya gari yakaja mbele. Gari likaserereka kama sabuni sakafuni, likapanda ukingo wa barabara na kujibamiza kwenye nguzo ya taa. Nguzo ililiingia upande wa Mama.

Nilifika kabla ya gari la wagonjwa, maana duka letu la matairi ni jirani pale. Mlango ulikuwa umekunjika hadi pajani mwake. Uso wake uliipiga dashibodi. Taya limevunjika, mfupa wa bega umevunjika, meno matano nimeyaokota mwenyewe zuliani nikayatia kwenye leso. Koti lile lilikuwa limegeuka jeusi kwa damu. Hakupiga kelele. Alikuwa ananitazama tu, na mapovu mekundu yanamtoka mdomoni. Nikifumba macho ndicho ninachokiona, hata kazini.

Na Kaz? Hana hata mkwaruzo. Kwenye maegesho ya hospitali alinijia mikono imefunguka anataka kunikumbatia, huku anasema, "Breki, Lola. Breki zilishika vibaya." Breki! Nilimpiga ngumi moja nikasikia kitu kinavunjika, nikafurahi. Nikampiga ya pili. Alipoanguka nikampiga teke la mbavu, na walinzi wawili ndio walionitoa pale. Sijutii ya kwanza. Ya mwisho, kidogo.

Mama taya limefungwa kwa waya, anakunywa supu kwa mrija na anaongea kwa karatasi. Nilipokiri kwake aliandika: "Ulimpiga vizuri?" Nikasema ndiyo, Mama. Akaandika: "Basi inatosha. Ni kaka yako." Halafu akaandika tena: "Gari je?"

Gari, Leon, fremu yake haijapinda. Mlango, madigadi na kioo vitapatikana. Nikaenda gerejini kuupima mhimili, nikakuta Kaz, plasta usoni, anayapiga matairi yale rangi nyeusi yang'ae, kwa ajili yako. Kwa ajili ya Agosti! Nilimwona Tessa akilini mwangu, amekaa pale alipokaa Mama. Basi nikachomoa kisu cha kazi nikalidunga la mbele. Halikutoa hata mlio mkubwa, lilinywea tu. Nikadunga la pili, la tatu.

Kaz alinikaba kwa nyuma. "Ya mzee hayo! Ya mzee, mshenzi wewe!" Kisu nilikitupa mbali, namshukuru Mungu kwa hilo. Alinibamiza ukutani, nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu, makopo ya mafuta yakatuangukia. Wazee wawili tunagaragara sakafuni! Tuliachana pumzi zilipotuishia.

Nikasema, "Njoo nikuonyeshe ndani lilivyokauka, halafu uniue ukitaka." Nikakiokota kisu, nikakata ubavu wa tairi la nyuma kulia kuzunguka, kama mtu anayefungua kopo, nikaumulika kwa tochi. Nyufa zilikuwa kila mahali. Na katikati ya nyufa, chaki ya njano, ile tunayoandikia sisi mafundi wa matairi ndani kabla ya kufunga. Mwandiko wa baba, na ile sifuri yake yenye mkia:

"Nyuma kulia. Sept. 94. Mwisho 2000. Yatupwe."

Mwaka 2000, Leon. Ndio mwaka aliopooza. Gari lilisimama, hakuna aliyefungua gurudumu, na yeye hakuweza tena kusema. Nakumbuka alivyokuwa akiinyooshea kidole gereji kila tulipompitisha na kiti chake. Sisi tukadhani analipenda gari. Tulikuwa tunampigia makofi.

Kaz alisoma mara tatu. Halafu aliketi juu ya ndoo, akalia na ile pua yake mpaka plasta ikabanduka. Nami nikaketi nikalia.

Sasa matairi mapya. Kaz alikuwa anataka yale laini ya mashindano, yanayoshika lami kavu kama gundi. Hayo maji yakiyakuta yanaelea, nikakataa. Yenye maandishi meupe, ya kupendezea picha, yapo, ila mpira wake ni mgumu. Kwa ringi za inchi kumi na tano hakuna mengi ya kuchagua. Nimechukua ya mpira laini yenye mifereji mipana ya kutoa maji. Ni meusi matupu, hayana urembo wowote, na yataisha kwa viangazi viwili ukiendesha kama kawaida yako. Yatakwisha kwa sababu yanashika. Nimeyafunga mwenyewe, na ndani ya kila moja nimeandika kwa chaki: "Mwisho 2017."

Nilimweleza Mama kwamba huenda utakasirika usije. Akachukua karatasi: "Aje. Mimi nakaa mbele. Tessa nyuma, na mkanda."

Nisalimie Noreen, na umbusu Tessa kwa niaba ya shangazi yake mkorofi. Kaz anakusalimu, anaona aibu kukupigia tena. Shangazi Bernadine anakuletea dua zake, na pierogi zake, vile vitumbua vya unga vyenye viazi ndani, atapika ukifika. Mungu awalinde katika kila barabara mnayopita, kavu na yenye maji.

Kipande cha mpira kilichomo ndani ya bahasha hii nimekikata palipo na neno lile la mwisho la baba. Kishike pembeni, usikisugue. Chaki ile inafutika.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ukinikasirikia,
Lola Pietrzak