Meno ya Chuma ya Duri

Kibanda cha Plattas, 14 Februari

Baba, shikamoo.

Natumai u mzima na goti limekupa nafasi ya kupumua. Mimi sijambo, ila mafua ya wageni ninaowatunza hapa kibandani yamenihamia. Watu arobaini wanaolala chumba kimoja hugawana kila kitu. Barua hii anakuletea Flurin, yule kiongozi wa wapanda mlima, anateremka kesho na wateja wake. Mpe supu ya shayiri, amekonda.

Najua ni mwaka na zaidi hatujaandikiana. Siandiki kwa ugomvi. Chama cha wapanda mlima kinataka jozi sita za skii, mbao za kutelezea thelujini, zikae hapa juu kwa ajili ya waokoaji, na wamenipa jozi tatu nizijaribu kwenye kila aina ya theluji hadi Aprili. Nitaandika ripoti, nawe, msimamizi wa vifaa, utaisoma kwenye mkutano mkuu kama usomavyo zote. Moja ni nyembamba, milimita themanini chini ya kiatu. Ya pili ni ya kati, tisini na tano. Ya tatu ni pana, mia na nane, ya kijani kama chura.

Wiki hii tumepata theluji ya unga, imefika kiunoni. Ile pana ilielea raha mustarehe. Nyembamba ilizama, nikawa nahangaika kama ng'ombe matopeni. Kwenye kupanda mambo yaligeuka: pana na ngozi zake za kubandika chini isirudi nyuma ni mzigo, mapaja yaliniwaka hadi nikakaa chini. Wewe uliyerekebisha skii za bonde zima kwa miaka arobaini, unasemaje?

Mwanao,
Ladina


Kijijini, 19 Februari

Mwanangu Ladina,

Marahaba. Goti linauma kushoto nikipanda ngazi na kulia nikishuka, kwa hiyo nakaa katikati. Flurin alikula bakuli tatu, halafu akauliza kama kuna jibini. Huyo hajakonda, ni shati lake ndilo limepanuka.

Nilipouona mwandiko wako nilikaa kwanza, ndipo nikaifungua bahasha. Nimefurahi, mama. Nasema wazi ili usije ukasema baba yako ni jiwe.

Sasa skii. Kwenye theluji ya unga kila mtu ni bingwa, hata padre wetu. Usiniambie habari za unga. Niambie upepo ukishaipiga ikawa gamba, niambie mvua ikinyesha juu yake, niambie saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa nne, ubavu wa mlima wa Crap Alv ukiwa kioo cha barafu. Hapo ndipo skii hupimwa. Mtu huchagua skii kwa theluji anayoiona mlangoni, na ya juu haijui kabisa. Nyembamba inauma barafu. Hizo pana ni za watu wanaopenda kupigwa picha, na unajua ninavyozichukulia. Sitarudia.

Vaa soksi kavu.

Baba yako


Kibanda cha Plattas, 3 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, mafua yamepona. Juzi upepo ulivuma kutoka kusini, nikazisikia hadi huku kengele za watoto wa kijiji wakifukuza baridi, desturi ya kila Machi mosi. Utotoni ndugu yangu Duri ndiye aliyekuwa anabeba kengele kubwa kuliko wote, mpaka ikamchubua shingo. Unakumbuka?

Gamba nimelipata, siku tano mfululizo. Nyembamba inalipasua na kunasa chini yake. Nilianguka mara nne, Flurin akasema nimekuja kufagia mlima. Pana inakaa juu ila ubavuni inayumba. Ya kati haikunifurahisha wala kuniudhi popote, na naanza kuiheshimu kwa hilo.

Umesema hutarudia. Baba, ulisema mara moja na ikatosha. Siku ya mazishi yake, ukumbi wa shule umejaa kijiji kizima, mimi nimeshika sinia la kahawa, ukasimama ukasema: "Mbao alizopewa na dada yake ndizo zilizomuua." Hakuna aliyekukanya. Mama Ursina wa duka la mikate mpaka leo hunihudumia bila kuniangalia usoni. Zile skii nyekundu, pana kama hizi, nilimpa Duri alipotimiza miaka ishirini na mitano kwa sababu alizililia kama mtoto. Miaka miwili sasa kila nikisikia skii ya mgeni inakwaruza barafu, namsikia yeye anateleza pale Crap Alv. Ndiyo maana sikai nyumbani. Kama ni mimi niliyemuua, acha nilijue hilo vizuri, nisilijue nusu nusu.

Nataka nizijaribu hizi pana palepale, theluji ikiganda. Lakini chama kimezileta bila meno ya chuma ya kuchomeka chini ya kiatu ili skii ishike barafu. Nakumbuka ya Duri yalirudi ndani ya begi lake. Nitumie.

Mwanao,
Ladina


Kijijini, 8 Machi

Mwanangu,

Sijambo. Paa la zizi limebonyea upande wa kanisa, Flurin na nduguye wameniwekea nguzo. Nimekutumia keki yenye kokwa za jozi, nusu tu. Nusu nyingine nimeila nikiwa naifunga. Jirani amepata ndama wawili pacha, mmoja ana doa jeupe kwenye kisigino. Theluji huku chini imeanza kuwa uji.

Kwenye theluji ya uji nadhani ya kati itafaa. Mkia wake usiwe mgumu mno.

Jilinde.

Baba yako


Kibanda cha Plattas, 15 Machi

Baba, shikamoo.

Keki imefika, ahsante, wageni hawakuionja. Umeniandikia habari za paa, za keki na za kisigino cha ndama. Meno hukuyataja.

Kama kuyagusa kunakuuma, mwambie Flurin ayachukue mwenyewe. Najua yalipokuwa yakining'inia siku zote, msumari wa tatu nyuma ya mlango wa karakana.

Mwanao,
Ladina


Kijijini, 22 Machi

Ladina,

Hayakuwa kwenye msumari. Yalikuwa chini ya benchi. Haya hapa.

Baba yako


Kibanda cha Plattas, 25 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili.

Meno uliyonitumia hayaingii. Nimeyajaribu kwenye skii ya kijani mezani jikoni, kwenye mwanga, pasipo baridi, pasipo upepo, na hayaingii. Nimepima: upana wake ni themanini na mbili. Haya ni ya skii za zamani za Duri, zile nyembamba ulizomchongea wewe. Kwenye skii pana yanagonga kingo mbili na kusimama hapo hapo.

Nilitaka kucheka, nikasema mzee amechanganya. Kisha nikayageuza. Ndani, pande zote mbili, kuna rangi. Imekwaruzwa na kujazana kwenye pembe, kama mtu aliyelazimisha kwa nguvu zake zote. Ni nyekundu.

Baba, hii rangi imetoka wapi?

Ladina


Kijijini, 9 Aprili

Mwanangu Ladina,

Hujambo? Siku kumi na tano nimekaa na barua yako. Flurin amekuja mara mbili kuuliza kama kuna jibu, mara mbili nikamwambia mkono unauma. Mkono hauumi.

Asubuhi ile Duri alichelewa kuamka. Alikuwa amesimama pale jikoni anakunywa kahawa huku anafunga viatu, unamjua, nikamwambia, "Kunywa, begi nakufungia mimi." Nikaweka mkate, kamba, koleo. Nikaenda msumari wa tatu nikachukua meno, kama nilivyofanya miaka yote. Mkono ulijua njia, kichwa hakikuwepo. Sikukumbuka kabisa kwamba skii zimebadilika. Mimi, Gieri, niliyewagombeza watu arobaini kwa kosa hilohilo! Meno mapya uliyomnunulia, ya upana wa skii zile, yalikuwa bado kwenye boksi kitandani kwake.

Waokoaji walipoleta begi, meno yalikuwa juu, hayakuwa chini yalikowekwa. Nikaiona rangi. Nikaelewa alifika Crap Alv, akakuta barafu, akasimama salama kabisa akayatoa ili ayachomeke. Alijaribu sana, Ladina. Unaona mwenyewe alivyojaribu. Yalipokataa akavuka bila meno.

Hilo nililijua siku mbili kabla ya mazishi. Niliposimama pale ukumbini nilitaka kusema, haki ya Mungu nilitaka, nikafungua mdomo, yakatoka yale uliyoyasikia. Yalipotoka nikaona watu wote wanakuangalia wewe. Nikahisi nafuu. Hiyo nafuu ndiyo siwezi kujisamehe. Tangu siku hiyo nilingoja nafasi nzuri ya kuyarudisha maneno yangu, na kila siku ilikuwa mbaya kuliko ya jana.

Hukumuua ndugu yako. Niambie nifanye nini.

Baba yako


Kibanda cha Plattas, 14 Aprili

Kwa Bwana Gieri Caviezel, msimamizi wa vifaa.

Hii ni ripoti. Isome yote kwenye mkutano wa Jumapili, ukumbi wa shule, bila kuruka mstari.

"Skii zilijaribiwa tangu Februari hadi Aprili. Kwenye unga, pana inashinda mbali. Kwenye kupanda kwa muda mrefu, nyembamba. Kwenye gamba la upepo hakuna nzuri, ila ya kati inamwangusha mtu mara chache. Kwenye theluji ya uji na ile ya chenga jua linapoilainisha mchana, ya kati inageuka bila ubishi. Kwa waokoaji, ambao hawachagui siku ya kutoka, chama kinunue za kati.

Kwenye barafu ya asubuhi nimevuka ubavu wa Crap Alv mara tatu kwa kila jozi. Bila meno, nyembamba inashika kwa shida na pana haishiki. Niliazima meno mapana ya mgeni kutoka Bern. Skii pana yenye meno ya upana wake ilivuka pale bila kuteleza hata shubiri moja.

Meno ya skii nyembamba hayaingii kwenye skii pana. Yachomekeni nyumbani mwone, kabla ya kufunga begi. Duri Caviezel alipelekwa mlimani na meno yasiyoingia. Aliyefunga begi lake ndiye anayewasomea ripoti hii."

Ladina Caviezel, mtunza kibanda


Kijijini, 18 Aprili

Mwanangu,

Natumai barua inakukuta mzima. Nimesoma.

Walikuwepo watu kama sitini. Ukurasa wa kwanza waliufurahia, mzee mmoja akabisha kuhusu za kati, wakamzomea. Nilipofika ukurasa wa pili nilivua miwani nikasema herufi ni ndogo. Flurin akanyoosha mkono anisomee. Nikamwambia, "Kaa chini." Nikavaa miwani, nikasoma hadi mwisho, na mstari wa mwisho niliusoma mara mbili kwa sababu wa nyuma hawakusikia.

 Mama Ursina akauliza, "Kwa hiyo Ladina?" Nikamjibu, "Ladina hakuua mtu. Nilidanganya, mama, na nilijua nadanganya." Akainuka, akachukua koti lake. Wengine wakafuata. Mwenyekiti akanibakisha tuzime taa, kisha akaomba funguo za ghala la vifaa, kwa adabu tu. Nimempa. Leo mkate wangu umeletwa na mtoto wa dukani, ukaachwa kwenye ngazi.

Silalamiki, nakusimulia. Kesho kutwa ni miaka miwili. Chumba chako nimekipasha moto. Skii nyekundu nimezitoa darini, nimezifunga meno yake, yale ya kwenye boksi. Yaliingia mara moja, Ladina. Kwa kidole kimoja.

Njoo nyumbani.

Baba yako


Kibanda cha Plattas, 19 Aprili

Baba, shikamoo.

Flurin amenisimulia yote, na ya miwani pia.

Theluji imeganda vizuri, nitavuka Crap Alv asubuhi mapema kesho kwa zile za kati. Saa nne nitakuwa makaburini kwa Duri. Nyumbani sitaingia, chumba usikipashe moto. Nikitoka pale napanda basi kwenda mjini Chur, na msimu ujao kibanda atakitunza mtu mwingine.

Ukitaka, njoo makaburini. Njia ya kanisani bado ina barafu na goti lako nalijua, shika fimbo zote mbili. Lete zile nyekundu. Usiseme kitu mimi nikiwa namwambia Duri yote.

Mwanao