Dawa ya Mende Yanukia

Jang'ombe, Unguja, 1970

Mabrouk mjukuu wangu,

Mjinga we! Umejichimbia Dar es Salaam, mke umeniachia mimi.

Sisi wazima, na kuku wako kaangua. Lakini huyo mkeo Tabia, mke mwenzangu, kabandika vikaratasi vya maua kwenye chupa zote za chooni. Moja kaandika, "Dawa ya mende. Sumu." Nkanusa: marashi ya mawaridi! Mwanamke wa kwetu mumewe akisafiri hajitii marashi. Nkamuuliza ya nini hii, kanijibu, "Bibi, si mende hao!" Mende tele, hafi hata mmoja. Na kila Alhamisi nikenda maulidini, nikirudi chupa imepungua.

Usimwandikie kitu. Njoo Alhamisi, usipige hodi, umkamate huyo mende.

Bibi yako, Mashavu