Injini ya Baba Witness

Jumatatu, 2 Juni 2025

Boti haivuji! Fundi Alute ameisukuma majini asubuhi, sisi tumesimama ufukweni kama watu wanaosubiri mgonjwa afumbue macho. Tukasubiri weee. Kavu. Tangu mwaka jana ilikuwa imelala kifudifudi pale mwaloni, mbuzi wanapanda juu yake wanavyotaka. Sasa ina mbao mpya ubavuni, na ubao wa nyuma mpya kabisa.

Baba Witness akaipapasa kwa mkono wa kulia. Wa kushoto bado unaning'inia tangu kiharusi. Kasia hawezi tena, ndiyo maana tunatafuta injini.

Anataka hospawa kumi na tano. Alute akasema boti ni ya zamani, yeye asingeitwika injini nzito hivyo. Nikamuunga mkono: ya nane inatosha, Ziwa Kitangiri si bahari.

"Nimevua hapa tangu sijakuoa," akasema. "Leo nirudi na kitu kinacholia kama cherehani?"

Nikaacha. Siku boti imerudi majini si siku ya kubishana.

Alhamisi, 5 Juni

Singida mjini, mimi na yeye. Utemini kuna duka la pampu na injini za boti, mwenye duka binti mmoja anaitwa Kristina. Shikamoo zake za heshima kabisa. Alikuwa nazo mbili zilizotumika, ya kumi na tano na ya nane, zimefungwa kwenye stendi ya chuma. Akauliza boti ina urefu gani, ubao wa nyuma una kimo gani, maji yetu yana kina gani. Baba Witness anajibu haraka haraka, uso umechangamka. Sijamwona hivyo tangu augue!

Halafu Kristina akauliza: "Na atakayevuta kamba ya kuwashia ni nani, mzee?"

Baba Witness akaishika kamba ya ile kubwa, akavuta. Ikaja nusu, ikarudi. Akavuta tena, akayumba, mkono wa kushoto haukuweza kushika chochote. Nikasogea. Akanitazama, nikasimama.

"Imelala muda mrefu hii," akasema.

Kristina akasema ndiyo mzee, inawezekana. Mwenzake wa dukani alipokuja kuivuta baadaye ikanguruma mara moja. Sisi tulikuwa tumeshafika mlangoni. Sote tuliisikia.

Njia nzima hadi Shelui alitazama nje ya dirisha. Mimi nilisema juu ya bei ya alizeti. Alizeti!

Ijumaa, 6 Juni

Asubuhi sikumwona ndani. Nikamkuta nyuma ya banda la kuku. Amefunga kamba kwenye tairi bovu, tairi kalijaza mawe, anavuta. Mguu mbele, mguu nyuma, anavuta kwa kulia. Anapumzika. Anavuta. Mara moja alianguka kwa goti, akainuka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona.

Nilirudi nyuma polepole. Nikaenda kukohoa jikoni, nikagongagonga sufuria, ajue nimeamka.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Baada ya ibada Obadia, mdogo wake, alikuja kula. Ana moyo mzuri shemeji yangu, ila mdomo wake hauna breki. Akasema: chukueni ile kubwa, mimi nitaendesha, nitavua, kaka atakaa mwaloni kama mwenyekiti, anahesabu samaki tu.

Nikacheka. Na kusema kweli nilifurahi. Daktari alisema kazi afanye, ila majini asiende peke yake, kiharusi kinaweza kurudi. Nikawaza: injini kubwa hawezi kuiwasha. Basi hawezi kwenda bila mtu. Hapo hapo nikageuka, nikasema kweli, kumi na tano ndiyo yenyewe! Mimi niliyetaka nane.

Baba Witness akaweka tonge chini.

"Nataka ya nane," akasema. "Nataka injini ninayoweza kuiwasha mwenyewe."

Obadia akasema kaka si ulikataa ile ya cherehani. Alikuwa ananitazama mimi. Ameniona moyoni mpaka chini, kama maji ya mtungini. Nikaondoka kuchukua chumvi, na chumvi ilikuwa mezani.

Jumatatu, 9 Juni

Nimesonga ugali mbovu mchana. Wote tumeula.

Jioni nikamwambia: naogopa. Ni hilo tu. Si ubao wa nyuma, si uzito wa injini. Naogopa.

Akasema: "Najua. Na mimi naogopa. Naogopa zaidi kuishia nyuma ya lile banda la kuku."

Kumbe alijua nilimwona!

Jumatano, 11 Juni

Nimempigia Kristina: tunachukua ya nane. Akasema amefurahi, kisha akaanzisha habari ya propela. Kumbe injini moja inaweza kufungwa propela tofauti! Moja mapanga yake yanachota maji mengi kila inapozunguka, boti nyepesi inakimbia nayo. Nyingine inachota kidogo kidogo, haikimbii, lakini boti yenye nyavu na samaki inasukumwa bila injini kuhangaika.

Sikuelewa vizuri. Nikaweka simu kwa sauti ya nje. Baba Witness akasikiliza, akasema: "Ni kama roli kupanda mlima Sekenke. Huweki gia kubwa."

"Hapo hapo, mzee!" Kristina akasema. "Basi mnataka ipi?"

"Ya mlima. Kwani mimi naenda wapi kwa haraka?"

Amecheka. Mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Jumamosi, 14 Juni

Imefika! Imeletwa na fuso la vitunguu, imefungwa kwa gunia. Alute akaifunga kwenye ubao wa nyuma, ikakaa kama imezaliwa pale. Kisha tatizo: mkono wa usukani umekaa kwa mtu anayetumia kushoto. Tukatazamana. Alute akakaa, akajaribu, akahamia upande wa pili wa boti, akasema mzee akikaa huku atashika kwa kulia. Uzito tutausawazisha kwa kuweka nyavu upande ule mwingine. Akahamisha benchi pale pale.

Baba Witness akaingia. Akavuta. Kimya. Akavuta—ikakohoa. Watu wote mwaloni wameacha kazi zao. Nilitaka kuwafukuza! Akaweka mguu vizuri kwenye ubavu wa boti, akavuta mwili mzima.

Ikawaka.

Hakuna aliyeshangilia. Sijui kwa nini. Mama mmoja muuza perege akaanza kulia, nikamwambia wewe usinianzie.

Walikwenda yeye na Alute. Walinaswa na magugu mara moja, wakaizima injini, wakainyanyua, wakayatoa. Wamerudi wamelowa. Ameniuliza: "Inalia kama nini?" Nikasema kama cherehani. Akasema ndiyo, cherehani nzuri.

Jumanne, 17 Juni

Makubaliano: Obadia aende naye kila siku, jaketi la kuokoa maisha kila siku. Amekubali upesi mno.

Alhamisi, 19 Juni

Nimefika mwaloni na matenga yangu. Obadia amesimama pale, mswaki mdomoni. Boti haipo. Nikamuuliza kaka yako yuko wapi? Akasema shemeji, nilidhani bado amelala.

Nikakaa kwenye tenga. Nje kabisa, karibu na matete, sauti ya injini—kisha ikazimika. Obadia akakimbilia mtumbwi wa jirani. Hata hajafika katikati, ikawaka tena. Ilizimwa tu, anatoa nyavu.

Amerudi na kambale wa kutosha, jaketi amelivaa, amefunga mpaka kidevuni. Nilimsema. Mbele ya watu nilimsema, mpaka Obadia akatazama pembeni. Amesikiliza yote. Halafu akasema, kwa upole: "Siku moja tu nilitaka, Mama Witness. Nimeipata. Sasa sitaki tena kwenda peke yangu."

Nikasema basi Obadia yupo.

"Obadia anasema sana, anafukuza samaki. Njoo wewe."

Mimi! Miaka yote nauza samaki, sijawahi kukanyaga ndani ya boti. Kuogelea sijui. Nimemwambia ana wazimu, nimeondoka na matenga.

Sasa ni jioni. Naandika jikoni, wao wako uani. Sijampa jibu. Namsikia anamtuma Obadia akatafute jaketi la pili. Obadia anauliza saizi gani. La mwanamke, anasema. Mnene kidogo.

Mnene!