Mkono wa Kushoto wa Mtakatifu Yosefu

8 Februari

Mwanangu,

Marahaba, hata kama shikamoo yako haijafika tangu mwaka juzi. Hujambo huko? Mimi sijambo, ila magoti yananikumbusha umri.

Sanamu ya Mtakatifu Yosefu imekwisha. Tulipomzika mdogo wako Chiriku, kazi ilisimama mwaka mzima. Mvua ikaingia ndani, nondo zikashika kutu, wengine wakasema ibomolewe. Waumini wakachanga upya. Sasa kichwa kipo, sanamu nzima ina meta thelathini na moja kwenda juu, na mahujaji wanakuja kwa mabasi.

Padri ametoa kijitabu cha historia ya sanamu. Ukurasa wa nane umeandikwa: "Fundi mmoja alianguka akiunga mkono wa kushoto, kwa uzembe wa kutovaa mkanda wa usalama." Hata jina hakupewa.

Wewe ulikuwa msimamizi wake, na ni miaka mitano hujakanyaga hapa. Niambie, mwanangu alikuwa mzembe?

Mama yako

19 Februari

Mama,

Shikamoo. Pole na magoti. Mimi ni mzima wa mwili.

Chiriku hakuwa mzembe. Siku ile kreni ya kuazima ilikuwa inaondoka saa kumi, na mkono bado unaning'inia. Mkanda wake ulikuwa umekatika. Akaniambia, "Kaka, ngoja nikachukue mwingine stoo."

Nikamwambia, "Ukienda stoo kreni itatuacha. Panda hivyo hivyo, unachomelea sehemu nne tu."

Akacheka. "Haya bosi. Nikifa, mwambie mama nilikuwa mtiifu."

Alichomelea tatu.

Kamati ya ujenzi iliponihoji, nilisema sikumwona akipanda. Ndiyo maana siji, Mama. Nitakutazama kwa macho gani?

Mwanao

30 Machi

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu, sijui kama unaumwa au umenikataa. Hata tusi nitalipokea.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Barua zako zote mbili zilifika. Kila nilichoandika nilikichana.

Wiki iliyopita nilimpelekea padri ile ya kwanza. Alisoma, akavua miwani. Halafu akasema, "Mama, nikisahihisha, kila mgeni atajua kuwa ni kaka yake aliyempandisha bila mkanda."

Nikamjibu, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Baba, na mimi nina wawili. Mmoja hawezi kujisemea. Andika."

Ameandika. Jina la Chiriku lipo, na lako lipo. Majirani wameshasoma. Mmoja amehama benchi letu kanisani.

Sijakusamehe. Sitakudanganya kwa sababu tu karatasi haina macho. Kuna asubuhi naamka nikikuchukia, halafu kabla sijanawa uso najiuliza kama umekula.

Nimefagia chumba chenu. Njoo nyumbani, nikukasirikie ukiwa humu ndani.

Mama yako