Sindano ya Vifungo

Jumatatu, 4 Machi 1996
Nyumbani, Magunga. Vidonge viwili vya sukari, kimoja cha presha, uji usio na kitu. Halafu cherehani. Nakanyaga pekupeku, kiatu sikiwezi. Nyayo zina ganzi, kwa hiyo mwendo naujua kwa masikio. Macho nayo yana ukungu. Auma, mke mwenzangu, amenitungia uzi tena. Yaani mimi, fundi wa sare za shule nzima, natungiwa uzi! Aibu gani hii.

Jumatano, 6 Machi
Sindano ya vifungo imepotea. Nimepapasa sakafu yote. Ni Auma, nani mwingine? Nimemwita mwizi mbele ya wateja. Yeye huniita Mikayi, maana mimi ndiye mke wa kwanza. "Mikayi, tafuta vizuri," akasema, akaenda zake. Na aende.

Jumamosi, 9 Machi
Hajakuja. Uzi umenishinda tangu asubuhi. Kichwa kinagonga, presha hiyo. Kuna harufu mbaya chini ya cherehani. Nikadhani panya amekufa. Nimefagia, nimemwaga maji. Hakuna panya.

Jumapili, 10 Machi
Homa. Kanisani sikwenda. Harufu imenifuata mpaka kitandani.
Naogopa. Sitaki kutazama.

Jumatatu, 11 Machi
Auma amekuja bila kuitwa. Amefunua shuka, ameushika mguu wa kulia, akachomoa kitu unyayoni. Sindano yangu. Siku tano imekaa ndani, nami nikikanyaga cherehani, na sikusikia chochote. Yeye ndiye aliyelia.

Jumanne, 19 Machi
Homa Bay, hospitali. Weusi umefika kwenye kifundo. Daktari anasema damu haifiki huko chini, mguu lazima ukatwe, lakini presha ishuke kwanza. Haishuki. Kila asubuhi wanapima, wanatazamana, wanaondoka. Cherehani bila mguu ni meza tu.

Alhamisi, 18 Aprili
Nyumbani. Presha ilishuka hatimaye, wakaukata. Auma anakanyaga, mimi naongoza kitambaa kwa vidole. Tangu asubuhi shati moja, na kola imepinda. Hajanicheka.
Nimemwomba msamaha. Amesema yalishapita.
Jioni ameuweka mguu uliobaki kwenye karai, anaukagua kidole kwa kidole. Ameniuliza kama maji ni ya moto sana.
Nimemwambia sijui.